Muulize Mwalimu: Taita Taveta si njia ya kupitia tu

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu Kaunti ya Taita Taveta, na barua zimekuja nyingi kuliko kurasa tulizo nazo. Nimechagua chache na nyingine nimezifupisha. Mimi ni mzaliwa wa Wundanyi, na historia nimeifundisha Voi mpaka nikastaafu. Kinachonikereketa siku zote ni kwamba watu wengi hutujua kupitia dirisha la basi au la treni ya SGR: vumbi jekundu, ndovu mmoja au wawili, kisha Mombasa. Wenyewe tuko juu milimani, na historia yetu iko huko huko.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi na mume wangu tunaishi Nakuru na tuna watoto watatu. Kila Desemba tunashuka Pwani, na pale Voi huwa tunasimama kunywa chai tu. Mwaka huu tunataka kulala huko kwenu siku tatu. Mbuga ya Tsavo tumeshaiona. Kuna nini kingine? – Mama wa watatu, Nakuru*

Marahaba, mwanangu. Mkifika Voi acheni barabara kuu, kateni kulia kuelekea Mwatate, halafu mpande Wundanyi. Barabara inajikunja kona baada ya kona, na kabla watoto hawajamaliza kuuliza kama mmefika, joto la Voi litakuwa limebaki chini na mtu ataanza kutafuta sweta. Bebeni masweta. Watu wa bara hudhani kila kilicho karibu na Mombasa ni joto, wakaja kutetemeka kwetu usiku.

Milima ya Taita ina vilele vingi, na kirefu kuliko vyote ni Vuria, mita 2,208. Ni sehemu ya safu ya milima ya kale inayoanzia Tanzania, akina Udzungwa, Uluguru na Usambara, na kwa upande wa Kenya ni sisi peke yetu tulio nayo. Ndiyo sababu misitu yetu ina viumbe ambao hutawapata kokote kwingine duniani. Nendeni msitu wa Ngangao asubuhi, mkiwa na kijana wa pale pale wa kuwaongoza. Mwambieni awatafutie ndege anayeitwa kwa kisayansi *Turdus helleri*: kichwa na kifua cheusi, ubavu wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu kama pilipili iliyoiva. Haruki ovyo. Hushuka chini akapekua majani makavu akitafuta wadudu, kwa hiyo watoto lazima wanyamaze. Msitu wenyewe ni mdogo, hekta mia moja na kitu, na ukitoka tu unakutana na mikaratusi na misonobari iliyopandwa zamani kwa ajili ya mbao. Yule ndege hataki huko. Waonyesheni watoto mpaka huo, waone wenyewe msitu wa asili unapoishia.

Mchana mkiwa Wundanyi ulizeni kimanga. Wapishi hutofautiana, lakini nilivyofunzwa na mama yangu, maharagwe yanatangulia jikoni peke yake kwa sababu ndiyo magumu, muhogo au viazi vitamu vinafuata, kisha maji yanapunguzwa na kila kitu kinapondwa kwa mwiko mzito sufuria ikiwa imebanwa kwa miguu. Kikiwa sawa kinakaa kwenye sahani bila kumwagika. Mtoto akila kimanga saa saba, hakuulizi chakula tena mpaka usiku.

Siku ya tatu shukeni Taveta, na mkiweza iwe Jumatano au Jumamosi, siku za soko. Mpaka wa Tanzania uko hapo hapo, Holili, na sokoni mtasikia Kitaveta, Kidawida (ndicho Kitaita), Kikamba, Kichaga na Kipare katika mstari mmoja wa wauza ndizi. Kutoka mjini si mbali kwenda Ziwa Chala. Ni ziwa lililo ndani ya shimo la volkano, nusu letu nusu la Tanzania, na hulioni mpaka ufike ukingoni kabisa. Rangi yake hubadilika na jua, mara kijani, mara buluu iliyokolea. Kwa hisani yako, mtoto yeyote asiingie majini. Mwaka 2002 mamba alimuua msichana Mwingereza aliyekuwa akiogelea pale. Kaeni juu, tazameni, kuleni ndizi zenu.

Ziwa Jipe nalo liko kusini zaidi, limezungukwa na matete, viboko wako, na ng'ambo yake ni milima ya Upare. Njiani mtaonyeshwa jumba la Grogan juu ya kilima, alilojenga yule mlowezi Ewart Grogan miaka ya 1930. Waongozaji hupenda kusimulia kwamba alitembea kutoka Cape mpaka Cairo ili apewe mke. Ni kweli alitembea. Nawaomba wasimulie pia kwamba mwaka 1907, mbele ya mahakama ya Nairobi, mtu huyo huyo aliwachapa viboko Waafrika hadharani. Watoto wa Kenya wanastahili kusikia yote mawili wakiwa wamesimama kwenye baraza yake.

*Mwalimu, hivi wale simba wa Tsavo walikula watu wangapi? Kila mtu ana hesabu yake. – Dereva wa lori, Mariakani*

Walikuwa simba wawili, madume wasio na shungi, na kazi yao waliifanya mwaka 1898 wakati reli ya Mombasa inavuka mto Tsavo. J. H. Patterson, mhandisi aliyesimamia daraja, aliwapiga risasi wote Desemba mwaka huo. Kampuni ya reli ilihesabu vibarua 28 wa Kihindi, bila kuwahesabu Waafrika. Patterson mwenyewe baadaye alidai watu 135. Mwaka 2009 watafiti walipima kemikali za mifupa na nywele za simba hao wakakadiria kama watu 35.

Ngozi zao Patterson alizifanya mazulia, akakaa nazo miaka 25, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago kwa dola 5,000. Ziko huko mpaka leo. Mwaka 2024 watafiti walichunguza nywele zilizonasa kwenye meno yaliyovunjika wakakuta za twiga, punda milia, nyumbu, kuro, choroa na za binadamu. Meno mabovu ni sababu mojawapo inayotajwa ya simba kugeukia watu. Mimi naona simba hao warudishwe nyumbani. Mtoto wa Voi asihitaji viza ya Marekani ili akaone historia ya kwao.

*Nyanya yangu alifia Malindi akisisitiza kwamba sisi asili yetu ni mlima Kasigau, na kwamba serikali iliwaondoa kwa nguvu wakati wa vita vya Wajerumani. Vijana wetu wanasema ni hadithi za wazee. Je, kuna ukweli? Na hivyo vita vilifikaje kwenu? – Mzee wa mtaa, Malindi*

Ndugu yangu, nyanya yako alisema kweli tupu, na barua yako nimeisoma mara nyingi.

Vita vilifika kwetu mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Tarehe 15 Agosti 1914, Uingereza haijatimiza majuma mawili vitani, askari wa Kijerumani walivuka kutoka upande wa Moshi, wakati huo koloni lao, wakaichukua Taveta. Mashariki yake walijichimbia kwenye Salaita, kilima kifupi usichoweza kukitambua kama hujaonyeshwa, maana nyika yote ni tambarare na kilima hicho kinaona pande zote. Kutoka hapo walituma makundi madogo kwenda kulipua reli ya Uganda, ile ile ya Mombasa.

Waingereza wakajibu kwa kujenga reli nyingine. Ilianzia Voi, ikapita Mwatate na Maktau, ikafika Mbuyuni Januari 1916. Maji hakuna nyika ile, kwa hiyo waliyavuta kwa bomba kutoka milima ya Bura. Ukiipita barabara ya Taveta leo, tuta la reli hiyo liko kando yako mwendo mrefu.

Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini, wageni kabisa wa nchi hii, waliamrishwa kukitwaa Salaita. Wakuu wao walidhani adui ni wachache. Saa chache baadaye walikuwa wanarudi nyuma mbio, wamepoteza zaidi ya watu 130 kwa kufa na kujeruhiwa. Waliowaokoa ni kikosi cha Kihindi, Wabaluchi wa 130, ambao Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau na kuwaita makuli. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi walikusanya bunduki za mtombo zilizoachwa uwanjani, wakazirudisha kwa wenyewe na ombi moja tu: wasiitwe makuli tena. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, mkuu mpya wa majeshi ya Uingereza, alizunguka kwa upande mwingine, Wajerumani wakakiacha kilima, na tarehe 11 na 12 Machi wakapigana tena kwenye vilima vya Latema na Reata, nje ya Taveta.

Makaburi ya vita hivyo yapo Taveta, Maktau na Voi, yametunzwa vizuri, nyasi zimekatwa, mawe meupe yana majina. Maktau kuna ya Wahindi. Nilipokuwa nafundisha nilikuwa nawapeleka wanafunzi wasome mawe hayo kwa sauti, jina, kikosi, tarehe. Kisha nawauliza: jina la Mtaita mmoja mko nalo? La Mkamba? La Mluo? Kimya. Maana bunduki na unga wa jeshi lile havikubebwa na farasi, mbung'o walikuwa wanawamaliza. Vilibebwa na wapagazi, Carrier Corps, jina ambalo watu wetu walilitamka Kariakoo, na ndiko yalikotoka majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Upande wa Uingereza peke yake hesabu ya wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki inapita 90,000, wengi wao si kwa risasi, bali kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu. Sanamu yao ipo Nairobi, Kenyatta Avenue, na maandishi yake yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Majina hayapo.

Sasa Kasigau. Mlima ule umesimama peke yake kusini mwa Voi, na ndio mhubiri Johannes Rebmann aliufikia mwaka 1847, akauandika Kadiaro, mwaka mmoja kabla hajaona theluji ya Kilimanjaro. Mwaka 1915 Waingereza walikuwa na ngome hapo, Wajerumani wakaivamia. Serikali ikaamua kwamba wenyeji ndio waliowaonyesha njia. Hakuna kesi iliyosikilizwa. Vijiji vilichomwa, na watu wa mlima mzima, wazee na watoto wachanga, wakateremshwa mpaka Malindi. Watu waliozoea hewa ya mlimani wakatupwa kwenye joto na malaria ya pwani bila mashamba. Wengi walifia huko. Miaka mingi ilipita kabla waliobaki hawajaruhusiwa kurudi, na wapo waliobaki Pwani moja kwa moja. Bila shaka ndio ukoo wako.

Fanya hivi. Kaa na wazee waliosalia, uwaulize jina la kijiji cha Kasigau na jina la ukoo, siyo jina la baba tu. Kisha panda na mmoja wa vijana wako mpaka Kasigau, mfike kwa mzee wa kijiji kabla ya kwenda popote. Kule koo bado zinajua ni akina nani hawakurudi. Na uniandikie tena, tafadhali.

*Mwalimu, rafiki zangu wa chuo wanataka niwapeleke kwenye pango la mafuvu wapige picha za kuweka mtandaoni. Mimi ni wa Sagalla lakini mama amekataa kata kata. Nani ana haki? – Mwanafunzi, Voi*

Mama yako.

Wasomaji wa mbali waelewe kwanza. Zamani, Mtaita mkubwa akifa alizikwa, na baada ya muda kaburi lilifunguliwa, fuvu likatolewa, likasafishwa na kupelekwa kwenye pango la ukoo, likapangwa pamoja na ya waliotangulia. Mvua ikikataa au ugonjwa ukizidi, wazee walikwenda pale kusema na wao. Kuna ibada yetu ya kutasa, ambapo mtu hupuliza kinywaji kutoka mdomoni huku akitaja anachokiomba na kuitoa hasira moyoni, kwa kuwa hasira iliyofichwa iliaminika inaua. Wamisionari walipokuja, Sagalla mwaka 1883, desturi ya mafuvu ikaanza kufifia. Mapango yakabaki. Hali kadhalika fighi, vile vichaka vitakatifu vya kulinda kijiji, ambavyo hakuna aliyekata mti ndani yake. Sehemu ya miti ya asili iliyosalia kwetu inatokana na hofu hiyo njema.

Lile si jumba la maonyesho. Ni mababu wa watu walio hai, wanaojulikana kwa ukoo. Enzi za ukoloni watu walibeba mafuvu yetu wakayapeleka Cambridge kupimwa kwa rula, na mengine yako huko hadi sasa. Kwa hiyo mtu akitoa simu pangoni, wazee wana sababu ya kushtuka. Yapo mapango ambayo wenyeji wamekubali wageni wafike wakiongozwa na mzee wa ukoo. Omba hilo kwa njia ya mama yako. Mkikubaliwa, ingieni, salimuni, simu zikae mfukoni, msiguse kitu.

*Nasikia maji ya bomba tunayokunywa Mombasa yanatoka kwenu. Mbona basi nyinyi wenyewe mnalia kiu? – Mkazi wa Changamwe*

Swali hili hata mimi nimeliuliza kwenye mikutano. Mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu, inazama kwenye mawe ya volkano yenye matundu, inasafiri chini ya ardhi, na inachomoza kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, ikiwa safi kiasi cha kuona kucha za kiboko anavyotembea chini. Kuna chumba cha kioo chini ya maji kwa ajili ya kuwatazama samaki. Zaidi ya lita milioni 200 hutoka kila siku, na bomba lililojengwa miaka ya 1950 hupeleka sehemu yake Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 200.

Bomba hilo linapita kwenye ardhi ambayo mama wa Maungu ananunua maji kwa mtungi. Kaunti imedai kwa miaka mingi sehemu ya mapato ya maji hayo. Ongeza kwamba takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotangazwa mwaka 1948 bila wenyeji kuulizwa, na ukitoa mashamba ya mkonge na ranchi, utaelewa kwa nini tunazungumzia ardhi na maji kila tukikutana. Si jambo jipya: Taita Hills Association ya akina Woresha Mengo ilipigania ardhi hadi ikapigwa marufuku mwaka 1940, siku zile zile za kupigwa marufuku kwa KCA, chama cha Wakikuyu, na chama cha Wakamba. Ukifungua mfereji wako Changamwe, tuunge mkono.

*Tembo wamemaliza mahindi yangu misimu miwili mfululizo. Mwalimu, hii mizinga ya nyuki wanayosema Sagalla inafanya kazi kweli? – Mkulima, Mwatate*

Pole sana. Inasaidia, ingawa haizuii kila ndovu. Mizinga inaning'inizwa kwenye nguzo kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya mmoja. Ndovu akiusukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anawaogopa kwa sababu wanamchoma ndani ya mkonga na karibu na macho. Wakulima wa Sagalla waliojaribu wamepunguziwa uvamizi na wanauza asali juu yake. Udhaifu wake ni ukame: maua yakikosekana nyuki wanahama, na mzinga mtupu ni sanduku tu. Kabla hujatumia pesa, nenda ukazungumze na wakulima wenyewe Sagalla, waulize mizinga mingapi ina nyuki mwezi huu, na wanaweka maji wapi wakati wa kiangazi.

*Ni wakati gani mzuri wa kuiona Kilimanjaro kutoka upande wenu? – Mpiga picha, Eldoret*

Januari na Februari, alfajiri. Lala Taveta au karibu na Maktau, uwe barabarani kabla jua halijachomoza, ukielekea magharibi mlima uko mbele yako. Ikifika saa tatu wingu huwa limeshafunga. Likifunga, nenda zako sokoni ukanunue ndizi, urudi saa kumi na moja jioni, mara nyingi linafunguka tena.